Yamna wa Asilimia Mia

Jumanne hiyo asubuhi, kwenye dirisha namba tatu la ofisi ya ustawi ya Ain Tarfa, Bwana Lazhar alifungua gazeti alilofungia kifungua kinywa chake, akatoa mkate wa kesra na kuuweka juu ya faili.

"Huu ni dada yako," akamwambia Ghania.

Kwa rula ya plastiki akakata sehemu nane kati ya kumi na kuzisogeza kando. Hiyo ilikuwa miguu yote miwili. Zikabaki sehemu mbili. Mkono wa kushoto uliopooza ulihesabiwa hamsini, lakini hamsini ya kilichobaki, si ya mkate mzima, kwa hiyo akaondoa sehemu moja tu.

"Tisini," akasema.

Ghania alikuwa amepiga hesabu nyumbani. Themanini na hamsini zilimpa mia na thelathini, na njia nzima alikuwa akiogopa wasije wakamwambia dada yake amepitiliza.

"Ulemavu haujumlishwi kama vitunguu, dada."

"Na akipofuka?"

"Tutakata kwenye hiki hapa." Alikiinua kipande kilichobaki. "Kila tukikata, chembe itabaki."

"Kwa hiyo mia haifikiwi."

"Inafikiwa. Kamati ikiiandika."

Kisha akakila kile kipande, kwa sababu kahawa ilikuwa inapoa. Nyuma yake ukutani palibandikwa masharti ya ruzuku: mwombaji awe ametimiza miaka kumi na minane, asiwe na kipato, na ulemavu wake uwe asilimia mia. Yamna alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hakuwa na kipato, na alikuwa na tisini.

Ghania alifua mashuka ya hospitali kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Saa zote hizo Yamna alilala peke yake, akiwa na vile tu ambavyo mkono wa kulia ungeweza kuvifikia. Jirani wa chini, Bi Mbarka, alikuwa tayari kushinda naye, ila alisema wazi kwamba asipomenya viazi vya mgahawa wajukuu hawali, na viazi havimenywi bure wala wagonjwa hawakaliwi bure. Hakuna aliyemlaumu. Ghania hakuitaka ruzuku kwa jambo jingine lolote. Alitaka mchana pawe na mtu ndani.

Barua yenye muhuri ilifika Alhamisi. Ijumaa asubuhi, Ghania alipofunua blanketi, sehemu tisa za Yamna hazikuwepo. Kilichobaki kilikuwa mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi vidole, sikio moja, na uso kutoka puani kushuka kidevuni. Vilikaa mahali pake juu ya godoro, vikiwa na joto.

"Wamekata," Yamna akasema.

"Wamekata."

"Basi safari hii mashuka yatakuwa machache. Shukuru."

Bi Mbarka alipanda kuangalia. Alisema binamu yake huko kijijini alipewa arobaini, na mpaka leo anachunga kondoo bila mabega. Akauliza kama Yamna bado anakula. Alikula. Kijiko kilipita mdomoni na chakula kilikwenda kinakokwenda.

Mchana ndio uliokuwa mgumu. Siku moja upepo wa dirishani uliangusha taulo juu ya mdomo, na mkono ulikuwa umesogea mbali kidogo. Ghania aliporudi saa tisa na nusu alikuta taulo limelowa pumzi. Yamna akauliza kama mvua imenyesha. Jumapili, ofisi zilipofunguliwa baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi, Ghania aliomba ruhusa kazini akaenda kukata rufaa.

Kamati ya rufaa ilikuwa na madaktari watatu na meza moja. Ghania alimbeba Yamna kwenye kapu la sokoni, juu ya mto. Daktari mkubwa aliushika ule mkono, akauambia ubane vidole vyake, ukabana.

"Mkono huu una afya kuliko wangu," akasema.

Ghania akaeleza kwamba tatizo ni miguu. Daktari akatazama ndani ya kapu na kusema kwamba kamati hupima kilicholetwa, na miguu haikuletwa.

"Daktari," Yamna akasema kutoka kapuni, "miguu mliichukua ninyi."

Daktari wa pili akaandika kwamba mgonjwa anazungumza vizuri. Walielekea kushusha hadi thelathini, na fomu ilikuwa imekwisha kugeuzwa, ndipo daktari wa tatu, msichana aliyeitwa Nouria, aliyekuwa na mwezi mmoja tu kazini, akaomba kuiona. Alimuuliza Ghania nani hukaa na mgonjwa mchana. Ghania akamwambia. Akauliza kuhusu taulo, kwa kuwa lilikuwemo kwenye maelezo ya rufaa, na Ghania akamwambia hilo pia. Daktari Nouria akasogeza kiti mbele, akachukua kalamu na kuandika mia. Wale wawili walitazamana. Ilikuwa karibu saa sita na nje foleni ilikuwa ndefu. Wakatia sahihi.

Ghania alimbusu kichwani yule msichana, kama anavyobusiwa mama, na akashuka ngazi akikimbia na kapu mpaka dirisha namba tatu.

Bwana Lazhar alifurahi kwa dhati. Alisema tangu aanze kazi ameona watu watatu tu waliopewa mia. Akapiga muhuri, akafungua kijaluba cha wino na kuomba dole gumba la mhusika, kwa sababu bila dole gumba malipo hayafunguliwi. Ghania akafunua kitambaa. Kapuni palikuwa na mto, na katikati ya mto palikuwa na bonde dogo.

Bwana Lazhar naye alichungulia, kwa adabu, kisha akafunga kijaluba.

"Ungeniletea dole kabla sijapiga muhuri," akasema.

"Hukuniambia."

"Haikuandikwa popote, dada. Na mimi nasoma kilichoandikwa."

Ruzuku ilikuwa tayari na haikuweza kutoka. Ghania alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza alijitolea kuweka dole gumba lake, akaambiwa hilo ni kosa la jinai. Mara ya pili alileta cheti cha Bi Mbarka na majirani wengine wanne, wakithibitisha kwamba Yamna yupo ingawa hayupo. Akaambiwa mashahidi wanakubaliwa kwa ndoa na mipaka ya mashamba. Mara ya tatu alimtafuta Daktari Nouria, akaambiwa amehamishiwa kusini. Nyumbani alilala kitandani kwa Yamna, upande wa ukutani, ili asiulalie ule upande mwingine. Aliendelea kusema naye akirudi kazini.

Siku ya sitini na moja tangu muhuri upigwe ilikuja barua. Ilisema kwamba kwa kuwa mhusika hakufika mwenyewe katika muda uliowekwa, inachukuliwa kuwa hali yake imepata nafuu. Asilimia ya ulemavu: sifuri. Faili limefungwa.

Asubuhi yake Yamna alikuwa kitandani mzima, na nywele zote, na macho yote mawili. Miguu ilikuwepo na haikusogea. Mkono wa kushoto ulikuwepo na haukusogea. Ghania alikaa sakafuni akaushika ule wa kulia, akalia kidogo, kisha akapasha maji ya kumwogesha maana ilikuwa inakaribia saa kumi na moja na nusu. Walikuwa wamefika mgongoni ndipo Ghania akamuuliza alikuwa wapi.

"Kabatini," Yamna akasema. "Kwenye mafaili."

Ghania akaendelea kusugua.

"Tuko wengi mle. Kuna mzee mmoja wa Oued Zitoun aliyekuwa mchongaji mawe, anaimba vibaya. Kuna mama na mwanawe, wote mia, wamewekwa droo mbalimbali, wanaitana. Kuna mwalimu anayetusomea masharti, anasema ipo njia, hajaipata. Mchana tunabishana mpaka Lazhar anagonga kabati."

"Mlikuwa mnakula nini?"

"Hatukuwa na njaa." Alingoja Ghania amgeuze. "Ghania, ukitoka kazini leo, pitia pale. Niombee tena."

"Umerudi leo tu."

"Najua."

"Hawatatoa kitu. Umeona mwenyewe hawatoi."

"Sizungumzii ruzuku. Nazungumzia mchana."

Ghania alimvisha gauni safi, akamlaza, akamfunika. Kulikuwa kumeshakucha. Akaenda kufua.

Saa tisa na nusu alisimama dirisha namba tatu. Alieleza kwamba anaomba fomu mpya kwa ajili ya dada yake, Yamna, na kwamba familia haina haja na ruzuku, iandikwe mia tu na mengine yaachwe. Alisema hayo polepole, akitazama rula. Bwana Lazhar alimsikiliza hadi mwisho. Hakuuliza sababu. Alisema wiki hiyo yeye ni mtu wa sita kuja na ombi kama hilo, wengine wamekuja wenyewe kwa magongo.

Alisimama, akaenda nyuma, na Ghania akamsikia akivuta droo moja, kisha nyingine, akiomba radhi kwa sauti ndogo kila anapoifunga. Akarudi akijipangusa vumbi mikononi.

"Limejaa, dada," akasema. "Tumeomba jingine. Rudi baada ya Idi."