Mahali Alipoonyesha Wobbe

Siku ya tatu ya kuchimba, shimo alilolionyesha Wobbe Hoekema lilikuwa limetoa mashine ya kukatia nyasi ya enzi za farasi, beseni la kuogea na mifupa ya ng'ombe. Askari waliokuwa wakichekecha tope walianza kumwita Mzee Beseni. Wobbe aliwasikia na hakununa. Huko alikotangatanga alipewa majina mabaya kuliko hilo, na mengi aliyastahili.

"Chombo cha kupimia chuma kililia," alisema Luteni Verhage, kijana wa heshima ambaye heshima yake ilikuwa imeanza kuchakaa. "Kumbe kililia beseni."

"Nilisema ndege ilianguka hapa, Luteni. Sikusema hapana beseni."

Wobbe alikuwa mtoto wa miaka minane wakati wa vita, ndege ya mabomu ya Waingereza ilipodunguliwa juu ya kijiji chao cha Hallewerd. Kulipokucha alichungulia dirisha la darini akaona moshi ukipanda nyuma ya kinu cha upepo, utadhani kinu kinavuta kiko. Wajerumani walizoa vyuma vya juu. Vilivyobaki vilimezwa na tope la bonde, pamoja na vijana saba. Wengine walioona walikwisha kufa, akabaki Wobbe peke yake, na shahidi asiye na mwenzake hana wa kumbishia. Kilabuni moshi wake ulikuwa umekua ukawa moto, na moto ukawa mkubwa kadiri watu walivyomnunulia kinywaji. Lakini kinu hakukibadilisha hata siku moja. Luteni alipanda naye darini, akalenga kinu kwa dira, akapiga mstari kwenye ramani. Mstari ukaangukia malishoni kwa mfugaji mmoja, Hylke.

Kando ya shimo, kwenye kiti cha kukunja, alikaa Bi Muriel Tansley, blanketi magotini. Alikuwa na miaka themanini na minne, amevuka bahari kutoka Uingereza kwa ajili ya kaka yake Leonard, mpiga bunduki wa mkiani mwa ndege hiyo. Kesho jioni eskaveta ya kuchimbia ingeondoka, na wakubwa walikwisha kusema hawatachimba jimbo zima kwa neno la mzee mmoja.

Wobbe alizungumza naye kwa Kiingereza chake cha bandarini, akijitahidi kuruka matusi.

"Mama alikuwa hafungi mlango wa nyuma," Bi Muriel alimwambia. "Leonard alikuwa mtu wa kupoteza funguo, mama akaona akirudi asije akakwama nje. Tuliibiwa mara mbili. Sasa mama hayupo, na mimi nataka pa kuweka maua, basi."

Wobbe alilitazama beseni. Alitamani kuingia alale humo wamfukie.

Saa nne akaja Jeltje, mjane wa kaka yake, sasa mwenye nyumba ile ile ya wazazi wao, Wobbe alimokuwa akiishi tangu arudi. Alikuwa ametoka kwa binti yake aliyejifungua, na alibeba birika la kahawa na mkate wa tangawizi.

"Shemeji, mbona mnachimba kwa Hylke?"

"Kwa sababu ndege iko kwa Hylke."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Ndiyo maana nauliza."

"Panda darini kwako ukaangalie mwenyewe. Moshi ulikuwa nyuma ya kinu. Haya, kinu kile pale."

"Kile?" Jeltje aliweka birika chini. "Kile si kilihamishwa?"

"Kinu hakihami, Jeltje."

"Hiki kilihama. Mwaka nilipomzaa Sytske. Walijenga zile nyumba mpya, upepo ukawa haukifikii, wakakibomoa ubao kwa ubao wakaenda kukisimamisha kando ya mfereji. Marehemu kaka yako alibeba bawa lake moja mgongo ukamkatika. Wewe ulikuwa wapi?"

Wobbe alijaribu kukumbuka. Mwaka huo alikuwa ama akikata manyoya ya kondoo Australia, ama korokoroni Valparaiso.

"Mzee," Luteni aliuliza polepole, "uliporudi hukuona kimesogea?"

"Nilikiona kimekuwa kidogo kuliko zamani. Nikajua ni macho yamezeeka."

Askari mmoja aligeuka kando, mabega yakimtikisika. Wobbe hakumlaumu. Maisha yake yote alijiona mtembezi pekee wa Hallewerd, kumbe hata kinu kilitoka, na chenyewe kilikuwa na sababu ya maana.

Bi Muriel alitaka kujua kunani. Ikabidi Wobbe amtafsirie aibu yake mwenyewe, neno kwa neno.

Bibi alikigeukia kinu. "Leonard naye alikuwa hawezi kukipata kituo cha basi bila kupotea," alisema. "Kilikuwa wapi hicho kinu?"

Wakapanda tena darini, safari hii Jeltje akaonyesha na Wobbe akafunga mdomo. Mstari mpya ukaangukia kwenye viazisukari vya jirani yao Sjerp, naye akawaruhusu, akisema hajawahi kuona kiazi chenye haraka. Chombo kililia hapo pia. Hakuna aliyeshangilia.

Kesho yake asubuhi, kina cha mita tatu, tope likageuka rangi ya buluu, kisha ikatoka harufu ya petroli, mbichi kana kwamba imemwagika jana. Luteni aliinua mkono, eskaveta ikazimwa. Akasogea kando akapiga simu, akarudi akasema mashine haiondoki jioni hiyo, ila kuanzia hapo ni mikono tu.

Baada ya chakula cha mchana askari mmoja alipanda kutoka shimoni na kitu amekipakata kama mtoto. Kilikuwa kiatu cha kuvaa ndegeni, cha ngozi, manyoya bado yako ndani. Wakakiweka juu ya turubai safi.

"Ni cha Leonard?" Wobbe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui," alisema Bi Muriel. "Ni cha mmoja wao." Alisogeza kiti chake hadi kando ya turubai, akavua glovu, akaondoa tope kwenye kamba za kiatu kwa kidole.

Wobbe alitafuta neno. Alikuwa nayo ya bandari zote, ya kilabuni na ya msibani, na hakuna lililofaa. Akachuchumaa karibu na bibi mpaka Jeltje akamwinamia na kikombe cha kahawa.

"Shemeji, unaumwa?"

Wobbe akatikisa kichwa, akampa Bi Muriel kile kikombe.