Chumvi ya Mtani

Shomari hajui kulia. Alisema mwenyewe, mbele ya bweni zima, akiwa amesimama juu ya kitanda na taulo mabegani kama kadhi.

"Nyinyi Wanyamwezi mkifa nitakuja. Nitalala njiani jeneza lisipite, nitavaa nguo za marehemu, nitawacheka mpaka mkome. Lakini chozi? Chozi la ukoo wetu babu alilisahau Uzaramo siku alipojitwika mzigo."

Babu huyo alifika Tabora na msafara, akaketi apumzike kidogo, na ukoo wake unapumzika mjini mpaka leo. Tangu enzi za njia ile ya misafara Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Huyu humtukana yule bila kesi, na msibani mtani ndiye mwenye kazi ya kuchekesha. Kila mtu ana ruhusa ya kulia isipokuwa yeye.

Aliyemjibu siku ile ni Tobias, Mnyamwezi wa Isikizya, mwenzake wa meza moja ya maabara. Tobias alikohoa kwanza. Hakuweza kueleza jambo bila kukohoa, kama padri anayepanda mimbarini.

"Mwacheni," akasema. "Huyu ni sodiamu."

Jina likamganda. Wiki ile mwalimu wa kemia alikuwa ametoa kipande cha sodiamu kwenye chupa ya mafuta ya taa, akakidondosha majini. Kikakimbia huku na huku juu ya maji kikivuma, kikawaka moto, na nusu ya darasa ikaingia chini ya meza, Shomari akiwa wa kwanza.

"Metali laini, unaikata kwa kisu," Tobias akaendelea, "lakini ikiguswa na maji inalipuka. Ndiyo maana wanaiweka ndani ya mafuta. Shomari naye amewekwa ndani ya mizaha."

"Na wewe ni klorini. Gesi ya sumu. Ukipita watu wanaziba pua."

"Haya, sikiliza basi. Sodiamu ina elektroni moja ukingoni, inaichosha kama mgeni asiyeaga. Klorini ina saba, inatafuta ya nane. Sodiamu inatoa, klorini inapokea. Tangu hapo si atomu tena, ni ayoni. Aliyetoa ana chaji chanya, aliyepokea ana chaji hasi, wanavutana, hawaachani. Sumu imekwisha, mlipuko umekwisha. Hata ukiitia majini, sodiamu iliyokwisha kutoa hailipuki tena. Inatulia tuli. Ndiyo chumvi unayokula, mjinga wewe."

"Kwa hiyo mimi natoa, wewe unapokea," Shomari akasema. "Sasa nimejua sabuni yangu inakokwenda."

Bweni likacheka. Tobias naye alicheka, maana sabuni kweli alikuwa nayo.

Likizo ikaja. Tobias akaenda kwao, Shomari akarudi kwao Ipuli, pale mjini. Asubuhi moja akamwona Silasi, mjomba wake Tobias, anashuka kwenye baiskeli huku vumbi limempaka hadi kope.

"Mtani," Silasi akasema, "una kazi Isikizya."

Shomari akacheka. "Ahaa. Mzee gani huyo kachoka kula panya?"

"Si mzee," akasema Silasi. Akaishika baiskeli kwa mikono miwili, akatazama pembeni. "Ilikuwa homa. Ilimpanda kichwani."

Njia nzima Shomari alikaa nyuma ya baiskeli akiupanga utani wake, maana hakuwa na kingine cha kupanga.

Na aliufanya, tusimnyime haki yake. Jeneza lilipotoka alijilaza njiani, akadai kwamba Wanyamwezi hawapiti bure kwenye barabara ya Wazaramo, mpaka wakamwahidi kuku. Aliwauliza wachimba kaburi kama wanachimba kisima. Padri mwenyewe aligeuka kando, mabega yakimtikisika. Watu walicheka huku machozi yanawatiririka, kama utani unavyotaka. Macho ya Shomari yalibaki makavu kama mtama wa ghalani.

Walipotoka makaburini, Koleta, shangazi wa marehemu, akamvuta kando.

"Umetuzikia vizuri, mtani. Sasa kuna mama yake. Tangu mtoto akate roho hajatia kitu kinywani, hata uji. Padri amemsihi, sisi tumemsihi. Ukishindwa wewe hatuna mwingine wa kumtuma, na huyu tutamfuatisha mwanawe."

Mama Tekla, mama yake Tobias, alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, sahani ya ugali na mlenda mbele yake, haijaguswa. Shomari akaingia ndani, akatoka amevaa sweta ya shule ya Tobias. Mikono ilimfika viwikoni. Akaketi mkekani, akazamisha tonge kwenye mlenda, akaonja, akakunja uso. Kisha akakohoa.

"Mama," akasema, "mboga hii umeitia chumvi, au umeipitishia chumvi kwa mbali?"

Wanawake wakapasuka kwa kicheko. Ilikuwa sauti ya Tobias yenyewe, na lalamiko lake la kila likizo, alilozoea kulisimulia bwenini.

Mama Tekla hakucheka. Aliinuka. "Ngoja, baba," akasema, akaingia jikoni. Humo kulikuwa na kilindo cha gome chenye chumvi ya Uvinza, ile waliyoibeba mababu wa nyumba hiyo njiani kwa misafara. Akarudi na chumvi kiganjani, akaimimina katika mkono ulionyooshwa. Ndipo akautazama mkono, kisha uso, wala haukuwa wa mwanawe.

Wanawake wakaacha kucheka.

Shomari alitamani kuivua ile sweta. Lakini mtani hakatizi utani. Akiukatiza, ni msiba wa pili. Akakohoa tena.

"Unajua hii ni nini, mama? Walikuwa wawili wasiofaa. Mmoja mlipukaji, mwingine sumu. Wakapeana kitu kidogo, hata macho hayakioni. Tazama sasa, wanaungwa kwenye mboga." Akanyunyiza chumvi, akakata tonge, akalichovya. "Kula na mimi basi."

Mama Tekla akalitazama lile tonge. "Ndivyo alivyoniambia," akasema polepole. "Maneno hayo hayo. Akasema huyo mlipukaji ni mtani wake."

Akala. Tonge moja, halafu akajikatia mwenyewe la pili. Koleta akajifunika uso kwa khanga.

"Mmeona?" Shomari akasema akiinuka. "Mnyamwezi hajawahi kususa ugali." Akatembea na tabasamu lake mpaka nyuma ya jiko. Pale kwenye kona likamponyoka. Akauegemeza uso ukutani, punje za chumvi zingali kiganjani, sweta ikimbana kwapani.

"Mtani."

Mama Tekla alikuwa amesimama nyuma yake na kata ya maji ya kunawa.

"Ni moshi, mama," Shomari akasema bila kugeuka. "Jiko lenu hili linafuka mno."

"Jiko limezimwa tangu tulipopakua."

Akamsogelea, akamshika bega, akamgeuza. Mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Tobias alisema ukiguswa na maji unalipuka. Mbona umetulia hivi?"

Jibu Shomari alikuwa nalo. Lilikuwa la Tobias, lile la bwenini: sodiamu iliyokwisha kutoa hailipuki tena. Lakini jibu hilo lilitaka ukohoe kwanza. Akakinga viganja vyake vyenye chumvi, apokee maji.