Mpira wa Nyuma Kulia

...na kama si kisu ni nini basi, mpira mzima hautoboki wenyewe usiku, Muhidini alijiambia, mgongo mchangani chini ya basi la ushirika, kopo la povu la sabuni kifuani, maana basi hili halina springi za chuma kama malori, limekalia mipira ya upepo, na kila asubuhi unalikuta limelala nyuma kulia, unawasha injini, pampu inajaza, linainuka, kesho limelala tena, na usiku anayebaki nalo ni nani kama si Danieli peke yake, mlinzi, mtu aliyevuka Ruvuma akiwakimbia Wareno, au ndivyo alivyosema, nani alimwona akikimbia... "Fundi! Wewe sema tu ni kisu, tumpeleke!" Ndugu Emmanueli huyo, meneja, viatu vyake pembeni ya tairi, buti za mgambo ubavuni, na katikati miguu mitupu ya Danieli, imetulia tuli, mbona imetulia hivyo, mtu asiye na kosa si angetetemeka... ngoja kwanza, povu kwenye maungio ya bomba, hamna kitu, povu kwenye valvu ya kusawazisha, hamna, na juzi je, anaingia nyumbani kwake Mtawanya anamkuta Danieli huyo huyo na Hamisa wanacheka, kumwona tu kicheko kikakatika, "Karibu mume wangu, shemeji alikuwa ananipakia miimo ya mlango," shemeji! tangu lini, na miimo gani hiyo inayochekesha watu, halafu vidole vya mtu vimebabuka, ngozi inabanduka, ukimuuliza anatia mkono mfukoni, loo, mwizi wa mchana kweupe, leo utanikoma... povu kwenye mpira wenyewe sasa, na hapo likaanza, si tundu moja, vitundu, vingi, povu linatokota kote kama uji jikoni, kisu gani kinatoboa hivi, akagusa, mpira umelainika, unanata, kidole kimetoka cheusi, akanusa, ebo, harufu ya uani kwake Hamisa akikaanga korosho, mafuta ya maganda ya korosho haya, ndiyo yaliyopakwa kwenye miimo mchwa wasile, yakikugusa yanakubabua... vidole... yarabi, na panya, mwezi uliopita Danieli alimfuata, "Fundi, panya wanaguguna mipira," yeye akamjibu nini, "Kaa macho basi, si ndiyo kazi uliyoajiriwa?", akacheka na wenzake, na Danieli akaenda akafanya kama alivyofundishwa na Hamisa, kinachopakwa hakiguswi na mdudu, akaupaka mpira kama mlango, usiku, kwa mkono mtupu, akiungua, na mpira si mti, mafuta yameutafuna, masikini ya Mungu, alikuwa anautunza... "Fundi, umelala huko?" ...sijalala, Ndugu Meneja, nasema nini sasa, nikisema Danieli kapaka, watasikia Danieli tu, hayo mengine hawatayasikia, na mafuta kayatoa wapi, kwa mke wa nani, wote wawili hao ndani, nikisema mpira umechakaa, nani aliyeukagua juzi juzi hapa akasema mzima, si ni mimi huyu, mgambo anageuza buti zake kwangu, naonekana mimi ndiye mhujumu, na huyu meneja mbona ana haraka hivi ya kumpata mtu, lo, na haraka yangu mimi je, ilikuwaje, tangu asubuhi nakitafuta kisu nikikiombea kiwepo, kwa sababu ya kicheko... "Fundi! Ni kisu au si kisu?" ...povu bado linatokota, miguu ile mitupu bado imetulia, mtu asiye na pa kukimbilia atatetemekea nini, akachukua tambara akaanza kuufuta mpira, taratibu, weusi wote, mkono ukianza kumwasha, mpira umechakaa, Ndugu Meneja, nitasema umechakaa, wakiniweka ndani na waniweke, mimi nina mama hapa, nina wajomba Naliendele, nina Hamisa, watu watano watagombea kuniletea uji mahabusu, Danieli nani atamletea.