Kliniki ya Presha

Bungoma kuna kikundi cha watu wanaotaka kuacha pombe. Hukutana hatua mia mbili kutoka ofisini kwangu. Ndiyo maana nilikwenda Kitale.

Si kwamba niliona haya. Mtu aliyewahi kulala mtaroni mbele ya ofisi ya serikali, tai shingoni, hana haya iliyobaki. Lakini katibu wa kikundi cha Bungoma ni Makokha, tunayefanya naye kazi chumba kimoja, na Makokha hutunza siri kama chujio linavyotunza chai.

Mke wangu Nangila alikuwa amerudi kwao Kimilili na binti yetu. Hakunitukana. Alihamisha vyombo kimoja kimoja mpaka nikabaki na birika. Nilipompigia simu kumwomba arudi, alinisomea masharti ya mama yake.

“Mama anasema uende kwa kikundi cha kuacha pombe. Na upate shahidi.”

“Shahidi wa nini?”

“Kwamba unaenda. Mtu wa kuaminika, sio wale marafiki zako wa baa. Bila hivyo hatutarudi. Na Mama usimsumbue, ako na presha. Kila Jumamosi anaenda kliniki Kitale juu yako.”

Mama mkwe wangu ni mwenyekiti wa kina mama kanisani kwao. Alikuwa ameniombea hadharani, bila kunitaja jina, maana kwetu Wabukusu mama mkwe hamtaji mkwe wake jina. Alisema tu “yule aliyemwoa Nangila wangu,” ili asikosee mtu yeyote. Mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawatazamani, hawakai chumba kimoja. Ni heshima. Kwa miaka tisa nilikuwa nimemjua kwa kitambaa chake cha buluu kikipotelea mlangoni, na katika ndoa yangu yote hiyo ndiyo sehemu pekee niliyoitimiza bila kosa.

Jumamosi nikafika Kitale, kwenye ukumbi mdogo upande wa Kipsongo. Kiongozi wao alikuwa Mbugua, mkulima wa mahindi, miaka kumi na mmoja bila tone. Alinipokea mlangoni akaniambia hapa watu hutumia jina la kwanza tu, kwa ajili ya siri. Nikamwambia siri ndiyo iliyonileta. Kisha nikaingia.

Watu wanane walikuwa wameketi kwa duara wakinywa chai. Nilikijua kitambaa cha buluu kabla ya kumjua mtu.

Mama mkwe alisimama, akajifunika uso kwa mkoba wake, akaja mbio kuelekea mlangoni. Mlango ulikuwa mmoja, na mimi nilikuwa ndani yake. Niligeukia ukuta.

“Mnajuana?” Mbugua akauliza.

“Ni mama mkwe,” nikauambia ukuta.

“Si ni vizuri? Mtasaidiana.”

Kwa kina Mbugua, wasio Wabukusu, labda mtu humwandalia mama mkwe chai wakaongea bei ya maziwa. Mama mkwe wangu alizungumza kutoka nyuma ya mkoba. “Mwambie huyo akae. Mimi nitaenda.”

Nilikosea nikatazama. Sikumtazama usoni, nilitazama mkono ulioshika mkoba. Ulikuwa unatetemeka. Mkono ule niliujua vizuri, ni wangu kila asubuhi saa nne. Nilijua pia ungeelekea wapi ukitoka nje, kwa sababu nilipokuwa nikija nilikuwa nimehesabu baa tatu.

Basi nikatoka mimi. Sikwenda baa. Nilisimama nje chini ya dirisha, na mvua ya Kitale, ambayo haijui kunyesha kidogo, ikaanza.

Ndani nikasikia, “Naitwa Phelista.”

“Karibu, Phelista,” wakaitikia wote.

“Nimekunywa tangu baba ya watoto azikwe. Naweka kwa chupa ya dawa ya kikohozi. Kuna kijana nilimnyang’anya bibi yake juu ya pombe. Nilikuwa namhukumu na yangu iko chini ya kitanda.”

Miezi mitatu, tangu Nangila aondoke, nilikuwa nimeomba mwanamke huyu anaswe na jambo lolote, hata dogo. Maneno ya kumwambia siku hiyo nilikuwa nimeyapanga, mengine kwa Kiingereza. Sasa nilimwonea huruma, na nikakasirika kwamba namwonea huruma.

Mbugua alifungua dirisha. “Wewe wa nje, uko na kitu ya kusema?”

“Naitwa Sifuna,” nikasema, maji yakiniingia mdomoni. “Mimi ni mlevi.”

“Karibu, Sifuna.” Sauti moja ilichelewa, ikasema “karibu” tu, bila jina.

Nangila alipiga simu Jumapili baada ya ibada.

“Mama amepata shahidi.”

“Nani?”

“Amekataa kusema. Ati ni mtu alikuona Kitale umesimama nje ya mkutano, umenyeshewa saa nzima na hukutoroka. Amesema tufunge vitu, tunakuja Jumatano. Kwani ulikuwa unafanya nini nje?”

Sentensi moja tu ingetosha kunilipia miezi yote mitatu. Nilikuwa nayo mdomoni.

“Ndani kulijaa,” nikasema. “Presha ya Mama iko aje?”

“Anasema inashuka polepole.”

“Mwambie hiyo kliniki asikose hata Jumamosi moja.”