Chini ya Turubai la Pamba

"Toa mkono kwenye turubai, wifi, kabla sijakumwagia haya maji."

"Mwaga."

Lukresia hakumwaga. Alikuwa ameishika ile sufuria kubwa ya msibani kwa matambara mawili, mvuke unampiga usoni, na alinitazama kama anayepima aanze kunichoma wapi. Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya turubai. Chini yake walikuwamo watu sita: mume wangu Constantine, mdogo wake Malimi, mke wa Malimi, watoto wao wawili, na katikati yao, ameegemezwa kwenye gunia la pumba, mama mkwe wangu, Mayu Minza. Mgonjwa alikuwa yeye. Hao wengine walikuwa wanajikinga.

"Hii ni nyungu ya tatu leo," nikasema. "Asubuhi mmemfukiza. Saa nne mmemfukiza. Amepata nafuu?"

"Anatoka jasho."

"Hata mimi natoka jasho. Nimeuliza kama anapumua."

"Wewe ni bibi shamba. Nenda kapime udongo."

Watoto wakacheka humo ndani, gizani. Ni kweli mimi ni bibi shamba. Nina stashahada ya kilimo kutoka chuo cha Ukiriguru, na kazi yangu ni kuzunguka vijijini kuwaambia watu wafunge pua na mdomo wanapopulizia pamba dawa. Wananiitikia vizuri sana, kisha wanapulizia huku wanavuta sigara. Kudharauliwa nimekuzoea. Turubai lile ndilo lililonipandisha hasira. Ni la kuanikia pamba. Tangu msimu uishe lilikuwa limekunjwa stoo, na juu yake zimepangwa chupa za dawa ya funza wa vitumba. Sasa walikuwa wamejifunika nalo na mkaratusi unachemka, na walichokuwa wanakivuta humo wanakijua wao na Mungu wao.

Nikalivuta lote kwa mara moja.

Mvuke ukapanda. Wakabaki wamekaa duara juani, wamelowa, wanapepesa macho kama vifaranga walioinuliwa tenga. Constantine alikuwa kifua wazi.

"Mama Precious, una wazimu?" akaniuliza.

Nikachuchumaa mbele ya Mayu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kila alipovuta pumzi mabega yalipanda, na pale chini ya koo ngozi ikaingia ndani ikafanya shimo. Nikatoa simu, nikaangalia saa, nikahesabu dakika nzima. Pumzi arobaini na mbili. Mtu mzima aliyetulia hafiki ishirini.

"Nimeongea na Jenifer," nikasema. Jenifer ni muuguzi mjini Bariadi, tulikaa nyumba moja ya kupanga kabla sijaolewa. "Mitungi ya oksijeni wodini kwao ni miwili. Mmoja una mtu. Mwingine uko wazi sasa hivi, saa nane. Saa tisa hajui. Mboje yuko hapo nje langoni, guta lake la pikipiki limo humu uani, godoro nimeshaliweka. Tunaondoka."

"Haendi," akasema Lukresia. Alitua sufuria chini taratibu, maana hata katika hasira hamwagi maji ya kuni za watu. "Haendi kufia kwenye mashine, halafu tuletewe mfuko."

"Mama mwenyewe alishasema," Constantine akaongezea. "Unajua alichosema siku ile ya mzee Yakobo."

Kila mtu pale Sapiwi alikijua. Yakobo alikuwa jirani yetu wa mpaka. Mwaka uliotangulia, mwezi wa tano, alipelekwa hospitali akiwa anakohoa, akarudi baada ya siku nne kwenye gari lililofungwa. Wakashuka watu sita wamevaa nguo nyeupe mpaka machoni, wakamshusha kaburini kwa kamba, wakafukia, wakapulizia dawa viatu vyao, wakaondoka. Mjane wake alisimama nyuma ya minyaa na hakuruhusiwa kutupa hata udongo. Yakobo hakuoshwa. Hakuna aliyelala matanga. Mayu alirudi nyumbani, akavua kandambili mlangoni, akasema, "Mtu hafukiwi kama mbwa." Basi. Toka siku ile wanawe waliifanya sentensi hiyo kuwa wosia. Hakuna aliyemuuliza tena, na wala hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kulalamikia maziko ya jirani bila kuwa anapanga ya kwake.

"Alisema Yakobo alizikwa vibaya," nikamwambia Constantine. "Wapi alisema yeye hataki kupumua?"

"Usinichezee maneno."

"Wewe ndiye uliyekwenda Mwanza kwenye msiba, ukarudi unakohoa, ukalala hapa kwa mama yako siku tatu unanyweshwa uji. Sasa hivi umepona, unaweza hata kugomba. Yeye je?"

Aliyejibu ni Lukresia; kunyamaza hajui.

"Ndiyo hivyo, mlaumu kaka yangu! Kosta alikuwa na mafua. Mama ana nimonia. Nimonia imekuwapo tangu enzi za bibi zetu. Nyie wasomi mnataka kila kikohozi kiwe na jina la Kizungu."

"Nimonia," mke wa Malimi akaitikia.

"Vumbi tu hilo," akasema Malimi.

Neno hilo la vumbi nililileta mimi.

Jumatatu nilipita kumsalimia. Nikampigia goti na kumwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," naye alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua dengu. Alikuwa anakohoa lakini anaongea vizuri, anatembea, hata alinisindikiza mpaka njiani. Tulipofika kwenye minyaa akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wewe umesoma. Ni ule ugonjwa?"

Nikamwambia, "Hapana, mayu. Ni vumbi la palizi."

Nilijua. Nilikuwa nimemsikia Constantine akikohoa usiku kucha aliporudi kwetu. Lakini kipindi kile jina la ugonjwa huo lilikuwa halitamkwi. Ofisini kwetu hakuna aliyetuandikia barua ya kukataza, tulijua tu. Wafanyakazi walizikana, na kwenye kila msiba marehemu alikuwa na presha, au alikuwa na changamoto ya upumuaji. Nilikuwa na barakoa kwenye mkoba, naivaa nikishafika porini ambako hakuna mtu wa kuniona. Nikamwambia mama wa watu vumbi, nikawasha pikipiki, nikaenda kukagua pamba.

Mimi, ambaye ukoo huu wote unalalamika kwamba sina staha ya kuficha.

Nikamgeukia Mayu. Macho yake yalikuwa wazi, ananitazama. Alikuwa anasikia yote.

"Mayu," nikasema. "Jumatatu nilikudanganya. Si vumbi. Ni ule ugonjwa. Ni korona."

"Wifi!"

"Niache nimalize. Ni korona, mayu, na imeshika mapafu. Huu mvuke haukusaidii. Hospitali kuna hewa ya mtungi. Sikuahidi kwamba utapona. Na ukifia kule sikuahidi watakuzika vipi. Lakini hapa hutafika kesho kutwa. Nakuuliza wewe, siwaulizi hawa. Unakwenda?"

Aliyakusanya maneno kama mtu anayeokota dengu moja moja.

"Ungeniambia... Jumatatu," akasema. Akavuta pumzi, akavuta tena. "Ningekwenda... natembea."

Hakusema kwa hasira. Heri angesema kwa hasira.

"Sasa?" nikamuuliza.

Akainua kidevu mara moja. Ndiyo.

Nilipoinua kichwa kutafuta mtu wa kunisaidia kumbeba, nikaona kitu ambacho sitakisahau. Uwanja ulikuwa umepanuka. Mke wa Malimi alikuwa ameshawakusanya watoto wake wote wawili na yuko karibu na jikoni. Malimi amesogea mpaka kwenye zizi. Constantine ameokota shati lake na amelibana puani. Lukresia amejifunika uso kwa upindo wa kanga, yamebaki macho. Dakika kumi zilizopita walikuwa wamebanana na mama huyu chini ya turubai moja, goti kwa goti, wanavuta pumzi aliyoitoa yeye, siku ya tatu hiyo. Alipokuwa na nimonia, alikuwa mama yao. Nilipoutaja ugonjwa kwa jina lake, akabaki peke yake na gunia la pumba.

"Mnakimbia nini?" nikasema. "Kama ni kuingia, imeshawaingia. Imekula nanyi na kulala nanyi."

Hakuna aliyesogea.

Nikamwita Mboje. Akachungulia kwenye lango, akabaki hapo hapo.

"Shemeji, nimesikia," akasema. "Mimi nina watoto."

"Na mimi ninao. Kwani watoto wako ndio wataendesha?"

"Hilo guta ndilo jembe langu. Watu wakijua lilibeba nini, nani atapakia mahindi yake?"

"Basi nipe ufunguo, niendeshe mimi. Pikipiki naendesha kila siku."

"Hili lina matairi matatu, linavuta upande."

"Litavuta. Lete ufunguo."

Kisha akautupa. Hakunipa mkononi; aliutupa chini katikati ya uwanja, kama unavyomtupia mbwa mfupa, akarudi nyuma hatua tatu. "Likirudi ulioshe kwa sabuni," akasema. "Mara mbili."

Nikauokota. Tatizo likabaki moja, na lilikuwa kubwa. Mayu hawezi kulazwa chali, akilala anazama. Ilibidi akalishwe wima njia nzima na mtu amshike kwa nyuma, maana barabara ya kutoka Sapiwi kipindi cha mvua si barabara. Siwezi kushika usukani na kumshika yeye.

"Constantine," nikasema.

Nilitaja jina lake zima. Nyumbani namwita Baba Precious. Akajua.

"Tumsubiri mjomba," akasema nyuma ya shati. "Nimempigia, yuko njiani anatoka Ipililo. Jambo kama hili linataka mkubwa wa ukoo. Huwezi kumtoa mtu mzima kwenye mji wake bila..."

"Ipililo ni Maswa. Atafika jioni. Mtungi hausubiri jioni."

"Mimi ndiyo kwanza nimepona."

"Ndiyo maana wewe ndiye unayefaa kuliko wote. Utamshika au hutamshika?"

Akaangalia mikono yake. Miaka kumi na nne nimeolewa na mtu huyu. Ni mtu mpole, anasifiwa kanisani kwa upole wake. Alisimama anaangalia viganja vyake, nami nikahesabu kimyakimya mpaka kumi, nikaacha.

Nikaenda nyuma ya Mayu, nikapitisha mikono kwapani kwake. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, lakini miguu ilikuwa imelegea, na tulipofika hatua ya pili ikaanza kuburuzika. Nikasimama kutafuta pumzi. Nilikuwa nawaza kamba. Haki ya Mungu nilikuwa nawaza kumfunga mama mkwe wangu kwenye nguzo ya guta kwa kamba ya katani, kama gunia, na kuondoka hivyo hivyo.

"Unamshika vibaya," akasema Lukresia.

Alikuwa amekuja. Kanga ilikuwa imeshuka mabegani, uso wazi, machozi yanatiririka na hayafuti.

"Shika miguu," nikasema.

"Nitashika kichwa. Ni mama yangu mimi. Wewe ndiye utakayeshika miguu."

Tukabadilishana. Tukambeba mpaka kwenye guta. Lukresia akapanda kwanza, akaketi kwenye godoro akatanua miguu, akampakata mama yake mgongo kifuani, kama anavyopakatwa mtoto. Nikampa barakoa moja kutoka kwenye mkoba, nyingine nikavaa mimi. Mayu hatukumvalisha. Hewa yenyewe hana.

"Nipe huo mto hapo miguuni," akasema Lukresia. Nikampa. "Na utambue, akifa njiani nitakulaani mpaka kaburini kwako. Kwa lile neno ulilomtajia mbele za watu."

"Nilaani. Ila mkalishe wima."

"Nimemkalisha. Una macho?"

"Kidevu kiinue kidogo. Hivyo."

Constantine alikuja akafungua lango la miiba. Alilivuta mpaka mwisho, akalishikilia lisitukwaruze. Hicho ndicho alichokiweza siku ile, na sikumshukuru. Alisema kitu tulipompita. Nadhani alisema atatufuata kwa miguu. Sikusimama kumsikiliza.

Nilikuwa nimeshapiga stata. Guta likavuta upande wa kushoto, kama Mboje alivyosema, likataka kuniingiza kwenye tuta la viazi. Nikalirudisha kwa mikono miwili. Nyuma yangu nilisikia Lukresia akihesabu kwa Kisukuma, pumzi moja moja, kwa sauti, na nikaongeza mafuta.