Gramu Kumi na Nne za Vingineyo

Kila Jumanne saa mbili asubuhi, mkemia wa kiwanda cha juisi alichukua chupa moja kutoka sehemu ya kujazia, akaipangusa kwa kitambaa cheupe, akaiweka mezani na kuanza kuandika kilichomo. Juisi yenyewe ilikuwa ya forosadi, vile vitunda vyeusi vinavyotia vidole rangi kwa siku tatu. Ndoo saba zilichemshwa mpaka ibaki moja, na hiyo moja ndiyo iliyotiwa chupani. Mnywaji alitakiwa kutia vijiko viwili kwenye glasi ya maji. Asiyesoma maelekezo aliinywa hivyo hivyo, akakunja uso, akalaumu kiwanda.

Kazi ya mkemia ilikuwa lebo. Aliandika sukari, nyuzinyuzi, madini ya chuma, potasiamu na vitamini C. Hii ya mwisho ilikuwa kidogo, kwa sababu moto huila, ingawa watu wa matangazo walimwomba kila msimu ajitahidi kuiona nyingi. Hakuiona. Aliandika alichokipima, na kwa tabia hiyo hakuwa na marafiki wengi ghorofa ya juu.

Msimu huu hesabu ilikataa. Alipima chupa nzima, akapima maji, sukari, tindikali na kila chembe iliyobaki kwenye majivu, akajumlisha. Chupa ilizidi vilivyomo kwa gramu kumi na nne. Akarudia. Akabadilisha mizani. Gramu kumi na nne zilikaa pale pale, hazina rangi, hazina ladha, haziungui. Fomu ya lebo ilikuwa na mstari wa mwisho ulioitwa "Vingineyo", basi akaziandika hapo, akaenda kunywa chai.

Jioni alimkuta mama yake amekaa sebuleni na matofali mawili mapajani. Mama alikuwa mchumaji katika shamba la kampuni hiyo hiyo, nyuma ya kiwanda, na tangu msimu uanze alikuwa akipungua uzito bila kukonda. Mashavu yalikuwa yale yale, gauni halikupwaya, ila mtu akifungua mlango ghafla, mama alihama kiti na kwenda kugota ukutani. Wachumaji wote walikuwa hivyo. Walijaza mawe mifukoni wakaendelea na kazi, maana forosadi haimngoji mtu.

"Upepo ulikuwaje leo?" mkemia aliuliza, akifunga mlango polepole.

"Wa kawaida tu. Umemchukua mwenzangu wa mstari wa tatu. Kapita juu ya ua, kapita juu ya barabara, huku anatupungia mkono."

"Kaangukia wapi?"

"Hajaanguka, mwanangu. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

Kampuni ilituma salamu za pole kwa familia, ikauliza kama kuna aliyeona kikapu kilipodondokea.

Mkemia hakula vizuri. Mama yake ndiye aliyekuwa anachuma mstari wa nne, na redio ilikuwa imetangaza upepo mkali wiki nzima ijayo. Alimwomba apumzike nyumbani. Mama akamwambia kwamba anayekosa siku tatu anafutwa msimu mzima, na kwamba hakumsomesha kemia ili aje amfundishe uvivu.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo ni mizani. Forosadi ni laini, na kikapu kikituliwa chini, vitunda vya chini huwa uji. Kwa hiyo shambani pale kikapu hakikutuliwa. Mchumaji alipanda mizani nacho mgongoni, kisha karani akatoa uzito wa mtu kama ulivyoandikwa kitabuni siku ya kwanza ya msimu. Mama aliandikwa kilo sitini na moja. Sasa alikuwa na tisa. Akibeba kikapu cha kilo ishirini na tano, mizani ilisema thelathini na nne, na karani akatoa sitini na moja.

"Leo umechuma kilo ishirini na saba chini ya sifuri, mama," karani alimwambia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kitabu.

"Si unipime upya, baba?"

"Kitabu kinafunguliwa mara moja kwa msimu. Nikikufungulia wewe, kesho wote wako hapa."

Mawe yalitolewa mifukoni kabla ya kupanda mizani, kwa sababu kupima na mawe ni udanganyifu.

Mama alipomsimulia hayo, mkemia alitafuta kalamu. Alitoa tisa kwenye sitini na moja, akazidisha kwa idadi ya wachumaji, akagawanya kwa chupa zilizojazwa tangu msimu uanze. Alipata gramu thelathini kwa chupa. Lakini chupani zilikuwemo kumi na nne. Kumi na sita zilikuwa zimekwenda wapi, hakujua, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alipata usingizi, maana sasa alikuwa na kitu cha kutafuta.

Asubuhi alianza kwa meneja, kwa adabu, na karatasi mkononi.

"Juisi yetu ina uzito wa wachumaji ndani yake," alisema.

Meneja alisoma karatasi yote. "Inamdhuru mnywaji?"

"Hapana. Watoto waliodhoofika wananenepa."

"Basi tuandike hilo," meneja akasema, na wiki hiyo hiyo chupa zikapata karatasi nyekundu shingoni: Hujenga Mwili. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema ni nani atakayekaa kivulini, na hapo ndipo meneja alipopata nafasi yake.

Mkemia aliteremka kwa mpika juisi, mzee mpana aliyeitwa Mvuke na kila mtu, hata na mkewe. Alimuuliza kitu kizito kikichemshwa huenda wapi.

"Kitu kizito hakipandi na moshi, binti. Kinakaa chini." Mvuke aligonga ubavu wa sufuria kubwa kwa mwiko. "Lakini ukoko wa mwaka huu una visa. Kipande cha ukubwa wa sahani tumekibeba watu wawili. Mgongo wangu mpaka leo hauniamkii vizuri."

"Mnaupeleka wapi?"

"Tunautupa pale nyuma. Nani ale ukoko?"

Nyuma ya jiko kulikuwa na lundo jeusi linalong'aa, limezama ardhini nusu kwa uzito wake. Mkemia alikwangua kipande kidogo, akakipima pale pale. Zile kumi na sita zilikuwepo zote. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashusha pumzi ambayo naona alikuwa ameibana tangu msimu uanze, na Mvuke akajifanya anatafuta kiberiti.

Aligawanya lundo sawasawa kwa hesabu ya wachumaji, hakumpendelea mtu. Fungu la mama lilikuwa dogo kama mkate wa asubuhi na lilivunja toroli ya kwanza. Jumamosi mchana alilivunjavunja kwa nyundo, akaloweka kwenye maji ya moto, akampa mama kikombe baada ya kikombe.

"Kichungu," mama alisema.

"Kunywa."

"Kinafanana na maneno ya shangazi yako."

"Kunywa, mama."

Kikombe cha tatu, kiti kilitoa mlio chini yake. Kikombe cha saba, aliweka tofali moja chini. Jumapili, baada ya cha kumi na tano, aliweka la pili, akasimama, na mkemia akafungua mlango wazi na dirisha mkabala. Upepo uliingia, ukapeperusha pazia na gazeti, ukatoka. Mama alikuwa bado katikati ya chumba, mikono kiunoni. Mkemia alimkumbatia akalia, na mama akamuuliza kama ndivyo wanavyofanya maabara.

Alipima kilo thelathini na saba. Ishirini na nne zilizobaki zilikuwa zimekwisha kunywewa na watu ambao mama na bintiye hawakuwajua, ila waliwatakia afya njema. Mama alipiga hesabu ya haraka: na kikapu chake, karani angemwandikia kilo moja nzima ya forosadi. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Meneja alipopata habari alifurahi kwa dhati. Aliagiza ukoko usitupwe tena, ugawiwe wachumaji kila Jumamosi, ili wiki ikianza wawe wamejaa. Kitabu hakikufunguliwa. Yule wa mstari wa tatu aliandika barua kutoka mbali: alikuwa ameshukia kwa dada yake, hajambo, na hana nia ya kurudi.

Alfajiri ya Jumatatu mkemia aliamshwa na kelele. Mama yake alikuwa anatembea jikoni. Kandambili zilipiga sakafu pwa, pwa, pwa, vikombe vikatetemeka kabatini, na jirani akagonga ukuta akiomba watu wamwache alale. Mkemia alibaki kitandani akizisikiliza zile hatua zikitoka mlangoni, zikikata kona, zikielekea shambani. Kufika Ijumaa zingekuwa hazisikiki, alijua. Alivuta shuka mpaka kidevuni. Leo zilisikika mpaka barabarani.