Kitabu Kilichovuliwa Jalada

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kufanya kazi New York, kwenye kampuni ya vitabu vya bei nafuu. Mimi nimefanya, na kazi yangu ilikuwa kutembeza: niliandika maneno ya jalada la nyuma, yale yanayokufanya utoe pesa kabla hujajua unanunua nini.

Mwaka ule wa 1970 wanafunzi wa vyuo walikuwa wamepagawa na hadithi za majoka na wachawi, na kila kampuni ilikuwa inafukua za kwake. Juu ya jalada tuliandika KWA WATU WAZIMA, maana bila hivyo wauza vitabu walizipanga na za watoto, zikafia huko.

Ndipo kikaja kitabu cha Hester Lindquist, mwalimu mstaafu wa Minnesota. Bibi kizee anamtunza joka aliyepofuka, kando ya ziwa, mpaka joka anakufa. Basi. Nilikisoma chote, jambo ambalo ofisini kwetu lilihesabiwa uvivu. Desturi ilikuwa kusoma sura mbili, kutazama mchoro wa jalada, na kuandika. Niliandika kwamba ni hadithi ya kumuuguza umpendaye. Mkubwa wangu, Irv Mandel, aliyasoma maneno yangu akakunja uso.

"Roz, mama, hili ni tangazo la mazishi?"

"Ndivyo kitabu kilivyo. Umekisoma?"

"Nikivisoma vyote nitaviuza saa ngapi? Tia mapanga. Tia majeshi."

"Humo hamna hata kisu cha jikoni, Irv."

"Basi tia radi."

Akaandika mwenyewe: MAJESHI ELFU YAMPIGANIA JOKA WA MWISHO! Mchoraji naye akaongeza msichana aliyevaa nguo kidogo kuliko baridi ya Minnesota inavyoruhusu. Hester akanipigia simu.

"Binti, nimesoma nyuma ya jalada nikatamani kukinunua. Hivi ni cha nani?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Irv alikuwa amemwambia wazi: hiki kisipouzika, cha pili hatukichukui. Na cha pili alishafika nusu.

Hakikuuzika. Waliotaka majeshi walifika sura ya tatu wakamkuta bibi anamchemshia joka uji. Waliopenda mambo ya uji hawakukigusa kabisa. Katika biashara yetu kitabu kilichododa hakirudishwi kizima. Muuzaji anachana jalada, analirudisha peke yake ili apate fedha zake, na kitabu chenyewe anatakiwa akitupe. Masanduku ya majalada yakajaa ofisini. Majeshi ya Irv yalirudi nyumbani salama, joka wa Hester akaenda jalalani. Niliumia sana, na nilimchukia Irv kwa wiki nzima.

Mchana mmoja nilikwenda kula bustanini. Kwenye benchi alikaa nesi mwenye sare, mkate wa nyama mkononi, kitabu kisicho na jalada magotini. Nikachungulia. Bibi alikuwa anachemsha uji.

"Samahani, dada. Kinahusu nini hicho?"

Hakuinua macho. "Kumwosha mtu asiyekuona tena."

"Niuzie."

"Una wazimu? Sijamaliza. Nenda pale kona, kuna jamaa anaviuza senti kumi."

Mtu fulani aliyetakiwa kuvitupa hakuvitupa, Mungu ambariki. Nilinunua kimoja, nikachana na ukurasa wa jina, nikakiweka mezani kwa Irv.

"Nini hiki?"

"Hakina jalada. Itabidi usome."

Kesho yake nilimkuta na macho mekundu, kahawa imepoa mbele yake.

"Roz, yule joka anaomba ashikwe mkono. Na hana mkono."

"Bibi anamshika ukucha."

"Anamshika ukucha," alisema, akapenga kamasi. "Nani ameandika? Kampuni gani inayo bahati hii?"

"Hester Lindquist. Ni chetu, Irv."

"Chetu? Ningekijua." Akakigeuza nyuma, mahali ambapo maneno yangekuwepo. Akalirudia jina la Hester polepole. "Mpumbavu gani alitia majeshi humu?"

"Wewe."

Alivuta simu, akaomba aunganishwe na Minnesota, akasubiri akiwa amekishika kile kitabu.

"Mwalimu Lindquist? Mandel hapa. Samahani kwa usumbufu. Kile cha pili umefika wapi? Hapana, usiniambie kinahusu nini. Nitakisoma."